Hatua Arobaini za Nyasi

1 Agosti, Alhamisi. Upepo wa kaskazini, mwepesi.

Leo ni miezi mitano na siku tisa tangu nitoke nyumbani Caazapá, Paragwai, nikavuka mpaka kuja kufanya kazi huku Corrientes. Nimemwambia mke wangu Zunilda nitarudi mara tu baada ya sikukuu ya Santa Rosa, tukishamaliza kuchoma malisho, niwahi kupanda muhogo.

Daftari hili ni la kuandika upepo. Baba yangu alichomea watu malisho miaka thelathini bila kuunguza hata banda la kuku la jirani. Alisema mwezi mzima kabla ya kuwasha kiberiti uujue upepo kama unavyomjua shemeji mlevi: anakuja saa ngapi, anageuka lini. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini kuandika naweza.

Asubuhi tumekunywa pombe ya miwa iliyolowekwa majani ya ruda, mafunda matatu kabla ya kutia kitu tumboni, ili Agosti isituue, kama wazee wanavyoamini. Kikombe ni kimoja kwa watu wote. Mnyapara wetu, Don Odilón Maidana, alianza yeye. Akakoroga majani kwa kidole kile kile alichotoka kumpakia farasi dawa ya kidonda, kisha akanipa. Nzi alikuwa anaelea juu.

"Kunywa, Paragwai. Nzi naye kanywa."

"Naye kafa, Don Odilón."

Walicheka wote. Nikanywa. Hadi jioni hii mdomo wangu una ladha ya dawa ya farasi.

3 Agosti. Kaskazini. Tumekaza waya za uzio.

4 Agosti, Jumapili. Kaskazini, vumbi. Nimefua. Nguo zimekauka zikiwa chafu kuliko zilivyoingia majini.

6 Agosti. Kaskazini, nguvu.

Don Odilón amenionyesha malisho tutakayochoma. Nyasi za mwaka jana, nyekundu, kavu, zinanifika kifuani. Ng'ombe anapita katikati yake na njaa yake asiguse kitu. Zikiungua, wiki mbili tatu baadaye yanachipua majani mabichi, na ng'ombe wanarudi kuwa na nyama. Kwa hiyo kuchoma ni lazima, sina ubishi.

Kusini kuna kinamasi, huko moto utajifia wenyewe. Mashariki ni barabara, magharibi ni ziwa. Kaskazini ni waya tu, na nyuma ya waya kuna nyumba ya Ña, yaani Bi, Eduviges, mjane mwenye ng'ombe wachache wa maziwa. Nikamwuliza mnyapara mkanda wa kuzuia moto upande huo utalimwa lini.

"Nyuma ya moto unaogopa nini, mwanaume mzima? Upepo wa kaskazini unausukuma mbele, kwenye kinamasi. Halafu Santa Rosa anakuja na dhoruba yake, anazima mabaki. Miaka yote ndivyo."

Hata kwetu tunaamini kwamba karibu na tarehe thelathini Santa Rosa huleta mvua kubwa. Mimi pia naamini. Lakini baba hakumwachia mtakatifu kazi ya jembe.

"Haya, haya," akasema. "Trekta itapita wiki ijayo. Umefurahi?"

Huyu ndiye aliyenipa buti mwezi Machi nilipofika na kandambili. Nimemwamini.

9 Agosti. Kaskazini. Trekta haijaja.

10 Agosti. Kaskazini. Trekta haijaja. Maharage yana wadudu. Mpishi anasema nao ni nyama.

12 Agosti. Kaskazini, joto la ajabu kwa majira haya.

Trekta nimeiona. Iko nyuma ya zizi kuu, inavuta jembe lake huku na huku, inalainisha njia ya mashindano ya farasi. Dereva ni Sixto, mwenzangu wa chumba. Jumapili ya tarehe ishirini na tano Don Odilón anashindanisha farasi wake Zorzal.

"Sixto, na mkanda je?"

"Mkanda una miguu minne? Unakimbia?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mafuta yamekwisha, ndugu yangu. Zorzal kayanywa yote."

Nilitazama ule udongo uliochekechwa vizuri kama unga, ili farasi asijikwae.

13 Agosti. Kaskazini.

Nimekwenda kumwarifu Ña Eduviges. Sikutaka kukaa. Nyumba inanuka maji ya jibini, mbwa ana ukurutu mgongo mzima, na bibi mwenyewe anavuta sigara nene ya tumbaku aliyoisokota kwa mkono, anatema mate ya kahawia karibu na mguu wa mgeni. Uwanja wake ni mtupu kama kipara. Hana hata jani moja la nyasi hatua thelathini kuzunguka nyumba. Anafagia asubuhi na jioni kama mtu aliyelaaniwa.

"Wewe Mparagwai wa ngapi?" akaniuliza. "Wa kwanza aliniahidi mkanda. Wa pili aliniibia kuku."

"Mimi sijaahidi kitu, Ña Eduviges."

"Kuku sina tena, basi ahidi mkanda."

Nikamwambia nitaulima kwa jembe la mkono, saa za mchana wenzangu wanapolala. Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa hasira ya ile njia ya farasi.

Akaniangalia kwa jicho moja, lingine limefumbwa kwa moshi. "Usilime upana wote, utakufa. Lima mistari miwili myembamba, iachane hatua kumi. Nyasi za katikati tutazichoma vipande vipande, alfajiri, zikiwa na umande. Mume wangu alifanya hivyo."

Baba yangu pia alifanya hivyo. Sikumwambia.

15 Agosti. Kaskazini. Kutoka ziwani hadi barabarani, hatua mia sita. Nimelima mistari yote miwili hatua sabini. Viganja vimetoka malengelenge.

16 Agosti. Upepo umetulia.

Mpishi amenigawia mkate wa jibini umefungwa kwenye karatasi. Nilipoikunjua niliona muhuri. Ni kibali cha kuchoma. Kimelowa mafuta lakini herufi zinasomeka, nami nimesoma polepole hadi chini. Majirani waarifiwe siku tatu kabla. Usichome kwenye upepo mkali, wala upepo unapotarajiwa kugeuka. Wawepo watu wa kutosha, na maji. Mkanda uwe umekamilika pande zote. Chini kabisa ni sahihi ya Don Odilón, akithibitisha kwamba mkanda umekamilika pande zote.

Nikampelekea.

"Hapa umeandika mkanda uko pande zote."

"Uko," akasema huku anachokoa meno. "Pande zote za hiyo karatasi."

Nimeihifadhi humu daftarini. Imeshachafua kurasa tatu kwa mafuta.

18 Agosti, Jumapili. Kaskazini. Hatua mia mbili na hamsini. Nimelima kutwa. Ña Eduviges ameleta jembe lake. Analima na sigara mdomoni.

20 Agosti. Kusini, baridi kidogo, umande mwingi.

Leo alfajiri tumechoma kipande cha kwanza cha katikati. Niandike vizuri, maana mwezi huu sijaona kitu kingine kisafi. Tuliloweka magunia kwenye ndoo. Bibi akaangusha majivu ya sigara yake, akayatazama yanaelekea wapi, akasema, "Sasa." Akawasha upande ule upepo unakoelekea, ili moto utembee dhidi ya upepo, taratibu, kimo cha goti, unakula nyasi kama mzee asiye na meno. Ukifika kwenye udongo uliolimwa unakufa. Sungura alitoka akakimbia, hakuna aliyemfuata. Tulipomaliza bibi alipita kote akipindua kila kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa fimbo.

"Hiki ndicho kinachoua watu," akasema. "Kinakaa na kaa ndani siku tatu, kimya, kama mkwe aliyekasirika."

Moshi wake wa sigara siusikii tena. Au nimeuzoea.

22 Agosti. Kusini asubuhi, kaskazini mchana. Hatua mia nne na sitini. Sixto ananiita mchimba kaburi.

24 Agosti, Jumamosi. Kaskazini.

Hatua mia tano na sitini, zimelimwa na katikati zimechomwa. Zimebaki arobaini, upande wa barabarani. Ña Eduviges anakwenda mjini kwa binti yake kuuza jibini, atarudi Jumatano. Jirani wa ng'ambo atamkamulia ng'ombe.

"Ukirudi utakuta tayari," nikamwambia. "Kesho Jumapili namaliza."

Akanipa jibini zima. "Wewe ni Mparagwai wa tatu," akasema. Nadhani ilikuwa sifa.

25 Agosti, Jumapili. Kaskazini.

Sikwenda kwenye mkanda. Don Odilón alipita asubuhi akiwa juu ya Zorzal, amevaa skafu mpya. "Leo hakuna mtumwa hapa. Njoo ule." Nilikuwa nimeshika jembe. Nikaliegemeza ukutani.

Nyama ilikuwa nzuri. Nimekula ubavu mzima, nimekunywa, nimepiga kelele Zorzal alipopita kwenye ule udongo laini, akashinda kwa urefu wa kichwa. Nilimkumbatia mnyapara. Nilimwita kaka.

26 Agosti. Upepo sijui. Nimetapika asubuhi yote. Nimesoma niliyoandika jana na nimetapika tena.

27 Agosti. Kaskazini. Tumepelekwa josho la mbali kuogesha ng'ombe. Kutwa.

28 Agosti. Kaskazini, inazidi. Josho tena. Dawa inachoma macho. Don Odilón anasema tutachoma Jumatatu tarehe mbili. Nitamaliza zile arobaini Ijumaa.

29 Agosti, Alhamisi. Naandika tarehe hii asubuhi ya tarehe thelathini, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

Upepo wa kaskazini tangu alfajiri, wa moto, kama pumzi ya ng'ombe mgonjwa. Saa nane mchana tulirudi kutoka joshoni, tukamkuta Don Odilón kwenye malisho juu ya Zorzal, ameshafunga tambara lenye dizeli kwenye waya. Mafuta ya tambara yalipatikana.

"Ulisema Jumatatu," nikamwambia.

"Unaona mawingu yale kusini? Santa Rosa huyo, kawahi siku moja. Tukiwasha sasa, usiku mvua inatumalizia. Nani atakaa kuchunga makaa siku tatu? Wewe?"

"Mkanda haujaisha. Zimebaki hatua arobaini."

"Hatua arobaini! Sixto, umesikia? Mparagwai anaipima dunia kwa miguu."

"Ña Eduviges hajaambiwa."

"Ataona moshi."

Hapo ndipo mtu anatupa gunia chini na kuondoka, au anakimbia kumwarifu bibi. Mimi nililoweka gunia langu, nikasimama nilipoambiwa.

Saa tisa akaburuta lile tambara kutoka ziwani hadi barabarani, hatua chache kusini ya mkanda wetu. Moto ukaondoka kuelekea kusini na sauti kama mabati yanayong'olewa. Ndege waliruka, mbweha alipita katikati yetu mkia unawaka. Nyuma, moto mdogo ulirudi kaskazini dhidi ya upepo, kimo cha kifundo cha mguu, ukafika kwenye mkanda wetu ukafa, hatua mia tano na sitini, kama ulivyoagizwa. Kwenye zile arobaini tulisimama mimi na Sixto tukaupiga kwa magunia mpaka ukalala. Mnyapara alishuka, akakaa, akafungua chupa.

"Kazi imekwisha," Sixto akasema.

"Vinyesi," nikamwambia. "Vipindue."

"Pindua wewe, vinanuka."

Nilikuwa nimepindua kumi hivi, upepo uliponyamaza. Moshi ulisimama wima. Nilisikia mbwa wa Ña Eduviges akibweka, na nikasikia maji yanadondoka kutoka kwenye gunia langu. Kisha shingo yangu nyuma ikapata baridi.

Nilikuwa nimeelekea kaskazini. Baridi ilitoka kusini.

Dhoruba ilikuja bila tone la maji. Ilikuwa upepo mtupu, na mchanga. Makaa tuliyoyaacha kwenye vinyesi na mashina yaliinuka yote pamoja. Kwenye mkanda hayakupata cha kula. Kwenye zile hatua arobaini yalipata nyasi za kifuani, na kabla sijamaliza kuita jina la Sixto moto ulikuwa umepita waya. Don Odilón aliruka juu ya farasi. Nilidhani anakwenda kwa bibi. Alikwenda barabarani, anamkinga Zorzal na cheche.

Nilikimbia. Ña Eduviges huwafungia ndama wake zizini mchana ili asubuhi mama zao wawe na maziwa. Walikuwa sita. Mlango wa zizi umefungwa kwa kamba ya ngozi, na ngozi ikipata joto inakaza. Nilimkuta bibi anaikata kwa kisu cha jibini, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye mti wa mlango uliokwisha kushika moto. Tuliuvunja mlango pamoja. Watatu walitoka. Watatu walikuwa kona ya mbali, nao walikuwa wanatuita. Sitaandika walivyoita.

Michungwa ililipuka mmoja mmoja. Nyumba haikuguswa. Moto ulifika ukingo wa ule uwanja nilioucheka, ukazunguka, ukaenda kufia njiani upande wa pili.

Tukakaa chini kwenye udongo uliofagiwa. Mikono yake ilikuwa inatoka ngozi. Akaniuliza, "Mkanda ulikuwa umeisha, si ndiyo?"

Nikasema, "Moto uliruka, Ña Eduviges."

30 Agosti, Santa Rosa. Kusini, baridi. Mbingu nyeupe, hakuna hata tone.

Sixto na mpishi wamezunguka malishoni na gunia kuokota wanyama wa magamba, wanaofanana na kakakuona, walioungulia kwenye mashimo yao. Wameivia humo humo. Wamekula chakula cha mchana huku wanafyonza vidole, na Sixto akanisogezea mguu mmoja, kwa wema kabisa. Nimetoka nje.

31 Agosti. Kusini.

Don Odilón amekaa kitandani kwangu na buti zake chafu.

"Mwenye shamba anakuja Jumatatu na polisi. Nimeshamwambia ilivyokuwa. Wewe na yule kikongwe mmekuwa mkichomachoma kila alfajiri, watu wote wameona. Kaa likabaki, upepo ukaliamsha."

"Si kweli."

"Ni kweli kwamba mlichoma, au si kweli?" Akanipigapiga goti. "Sikiliza, ndugu yangu, mimi si mbaya. Kesho lori linakwenda mpakani. Panda. Keshokutwa uko kwa mkeo, unapanda muhogo wako. Nani atakufuata Caazapá kwa ajili ya ndama watatu?"

Na hili ndilo linalonitia kinyaa kuliko wale wanyama wa magamba: nilifunga mzigo.

1 Septemba, Jumapili. Kusini, mwepesi. Lori limekwenda. Nilikaa juu ya mzigo wangu nikalitazama. Zunilda alinipigia, nikamwambia bado.

2 Septemba, Jumatatu. Upepo umetulia.

Tulikaa barazani. Mwenye shamba, na viatu vya mjini. Polisi mmoja mzee, anaandika polepole kuliko mimi. Ña Eduviges, mikono imefungwa nguo nyeupe hadi viwiko, mtu anamshikia sigara. Don Odilón alisema maneno yake vizuri, hakusahau hata moja.

Polisi akaniuliza, "Na wewe?"

Nikatoa daftari na kile kibali.

"Soma siku ya moto tu," mwenye shamba akasema.

"Asome yote," akasema polisi. "Mimi sina haraka."

Nikasoma kuanzia tarehe moja. Upepo, trekta, njia ya farasi, kibali. Kwenye "pande zote za hiyo karatasi" polisi alinyoosha mkono, nikampa, akaikunjua ile karatasi ya mafuta juu ya goti. Mnyapara aliangalia dari.

Kisha nikafika tarehe ishirini na tano. Kurasa zimegandana kwa mafuta, ningeweza kugeuza mbili pamoja na hakuna ambaye angejua. Nilizitenganisha kwa ukucha. Nikasoma. Ubavu mzima. Nilimwita kaka.

Hakuna aliyecheka. Nikasoma hadi mwisho wa tarehe ishirini na tisa, neno nililomwambia bibi kwenye uwanja.

"Uliniambia uliruka," akasema Ña Eduviges.

"Ndiyo, Ña."

"Haukuruka."

"Haukuruka. Ulipita nilipoacha."

Alitema mate, mbali na mguu wangu. "Wale ndama walikuwa na majina," akasema. Sikuwa nimewahi kuyauliza. Hakuyataja.

4 Septemba. Kaskazini. Don Odilón amehamishiwa shamba lingine la tajiri huyo huyo. Amekwenda na Zorzal, na nasikia huko kuna njia nzuri ya mashindano. Buti nilitaka kumrudishia, nikakumbuka sina nyingine.

5 Septemba. Mvua. Siku sita baada ya mtakatifu.

7 Septemba. Kusini. Leo trekta imeletwa kulima mkanda wote upya, kwa amri ya mwenye shamba. Kazi iliyotuchukua siku kumi imekwisha kabla Ña Eduviges hajamaliza sigara. Sixto alipokaribia barabarani bibi alisimama mbele ya trekta, mikono yake myeupe imeinuliwa, akamsimamisha.

"Hapo basi. Hizo si zako."

"Ni arobaini tu, Ña! Dakika mbili!"

"Nimesema si zako."

10 Septemba. Umande. Nyasi za zile hatua arobaini ziliungua siku ile, lakini mashina na mizizi bado viko ardhini, na vinachipua. Mkono hauna nguvu, nalima hatua nne kwa siku. Anakuja, anakaa kwenye ndoo, anatazama. Hazungumzi nami. Leo alinisogezea kibuyu cha maji kwa mguu.

13 Septemba. Kusini, mwepesi. Malisho yote yamekuwa kijani, kijani ambacho sijaona mahali pengine. Ng'ombe wanashinda humo vichwa chini, na watu wanasimama wakisema ni moto mzuri kuliko wa miaka yote. Nashindwa kuwatazama wanapokula. Hatua kumi na sita.

14 Septemba, Jumamosi. Kaskazini, unaanza tena.

Leo ni miezi sita na siku ishirini na mbili. Zunilda ameshaanza kupanda muhogo peke yake, amesema mgongo unamuuma na amenitukana, nami nimesikiliza hadi mwisho. Leo nimepumzisha mkono, zimebaki hatua ishirini na nne. Kwa hatua nne kila siku namaliza Ijumaa. Jumamosi alfajiri, umande ukiwepo, tutachoma masalio ya katikati, nami nitapindua kila kinyesi. Siku tatu nitakaa kuvichunga. Nategemea kufika nyumbani Jumatano, tarehe ishirini na tano Septemba, jioni.